Hesabu Madirisha Yenye Taa Kwanza

Katika safu hii najibu barua za wasomaji kuhusu viwanja, ujenzi na kodi za nyumba. Nilikuwa mkadiriaji majenzi, yaani mpiga hesabu wa gharama za ujenzi, kwa miaka thelathini na moja. Nimestaafu magoti tu, kichwa bado kinajumlisha. Safari hii barua ni mbili, moja ndefu na moja fupi.

SWALI

Shikamoo mama. Sisi ni ndugu watatu. Baba alituachia kiwanja kizuri chenye nyumba yake ya zamani. Kaka yetu mkubwa anataka tuibomoe tujenge fleti 24 za hadhi ya juu, ghorofa sita, zenye lifti, maegesho ya chini na bwawa la kuogelea juu ya paa. Mbunifu ameshachora, picha zinavutia mno, na ameshalipwa. Benki iko tayari kutukopesha, kiwanja kikiwa dhamana. Kaka amepiga hesabu kwamba tukilipa marejesho ya kila mwezi tutabaki na theluthi ya kodi yote. Dada yetu mdogo anataka tuuze tugawane. Mimi ndiye wa katikati, kila mmoja ananivuta kwake. Kaka anasema wenzetu wanajenga, sisi tumekaa tunahesabu vidole. Mama yetu bado anaishi kwenye ile nyumba. Tujenge au tusijenge?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mama umemtaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka mwavuli akiwa ameshatoka nje. Nami nitamfikia mwishoni, ila ujue ndiye aliyenifanya nichague barua yako.

Kabla ya kushika kalamu, nakupa kazi ya usiku. Tafuta majengo manne au matano yanayofanana na hilo la kwenye picha, yaliyo jirani na kiwanja chenu, yaliyokamilika miaka miwili mitatu iliyopita. Nenda siku ya kazi kati ya saa mbili na saa tatu usiku, simama ng'ambo ya barabara, uhesabu madirisha yenye taa. Rudi usiku mwingine uhesabu tena. Dalali usimuulize. Maisha yangu yote sijakutana na dalali mwenye fleti tupu, wote "zimebaki mbili tu". Muulize mlinzi, kwa sababu yeye ndiye anayefungua geti na anajua ni magari mangapi hulala mle ndani. Tazama mapazia: dirisha lisilo na pazia mwaka wa pili halina mtu. Ukipata nafasi ya kuingia, tazama kama mlango wa lifti una karatasi ya "samahani, inatengenezwa", na kama pembe za karatasi hiyo zimeshajikunja na kuwa za njano.

Tabia hii niliipata kwa machungu. Kuna jengo la fleti 32 nililolifanyia makadirio nikiwa katikati ya kazi. Mwenye jengo alikuwa mtu muungwana, mwenye jicho la vitu vizuri. Ukumbi wa mapokezi aliutaka wa marumaru, tukamwekea, vibamba vimechaguliwa kimoja kimoja ili mishipa ya jiwe ifuatane ukutani. Gharama zilipopanda, tukakaa mezani tutafute pa kukata. Tukakata pampu ya pili ya maji, na tukapunguza unene wa kuta zinazotenganisha fleti na fleti, maana vitu hivyo hakuna anayevipiga picha. Sikatai, saini yangu ipo kwenye karatasi ile.

Miezi kumi na minne baada ya kufunguliwa nilirudi kukagua kasoro. Nikashuka chumba cha pampu. Maji yalikuwa yananifika kwenye vifundo vya miguu. Pampu ile moja ilikuwa imefunguliwa, boliti zake nane zimo ndani ya ndoo pamoja na mpira uliopasuka, na fundi amekaa juu ya kreti anasubiri kipuri ambacho hakuna aliyejua kitafika lini. Ghorofa za juu zilikuwa na siku ya nne bila maji. Nikapanda ukumbini. Pale kwenye marumaru, masanduku ya mpangaji anayehama yalikuwa yamepangwa vizuri sana, moja juu ya jingine. Usiku ule nilisimama barabarani nikahesabu: fleti saba zenye taa, kati ya 32.

Mpangaji wa hadhi ya juu marumaru anayaona siku ya kwanza, siku ya tatu hayaoni tena. Anachokilipia kila mwezi ni maji yanayotoka kwa nguvu saa kumi na mbili asubuhi, lifti inayokuja ukiibonyeza, na usingizi usiokatizwa na kiti kinachoburutwa kwa jirani wa juu. Vikikosekana, hanung'uniki mwaka mzima kama wapangaji wengine wasio na pa kwenda. Ana uwezo, anaita gari la mizigo. Kwa hiyo mkisema mnajenga cha kifahari, mnaahidi huduma isiyolala kwa miaka thelathini, na ninyi watatu ndio mtakaoamshwa usiku.

Tuchukue maji tu, uone ninachomaanisha. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Fleti za hadhi zina bafu mbili na mashine ya kufulia, kwa hiyo weka 150. Watu wanne kwa fleti, fleti 24, ni lita 14,400 kwa siku. Maji ya bomba yakikatika siku mbili, mnahitaji akiba ya lita karibu 29,000. Kwenye mchoro wa mbunifu tenki limeandikwa lita ngapi? Kalitazame leo.

Na lifti msiione ni pambo. Zamani, kabla yake, ghorofa za juu zilikuwa za bei ndogo, makazi ya watumishi na maskini, kwa sababu ya ngazi. Elisha Otis alionyesha breki yake ya usalama kule New York mwaka 1854, abiria wakaanza kuiamini lifti, na bei zikapinduka: aliye juu akawa ndiye anayelipa zaidi. Lifti yenu ikikwama wiki mbili, ghorofa ya sita inarudi zama za kabla ya Otis, na mpangaji wake atataka kodi ya zama hizo hizo.

Sasa hesabu za kaka yako. Simlaumu. Amehesabu kama watu wengi wanavyohesabu, yaani jengo limejaa, hakuna kinachoharibika, na kila mpangaji analipa tarehe moja. Tuite kodi ya fleti moja kwa mwezi fungu moja. Fleti 24 kwa miezi 12 ni mafungu 288. Kaka anasema theluthi inabaki, maana yake marejesho ya benki ni kama mafungu 190 kwa mwaka, na 98 ni yenu. Kwenye karatasi yanapendeza.

Mimi nahesabu hivi. Jengo jipya la aina hii, hata likifanya vizuri, nalipigia asilimia 20 ya fleti zilizo tupu au zilizo katikati ya mpangaji anayetoka na anayeingia. Zinabaki mafungu 230. Halafu walinzi, usafi, umeme wa ngazi na pampu, mafuta ya jenereta, mkataba wa matengenezo ya lifti, bima, msimamizi, rangi, na akiba ya kuweka pembeni kwa ajili ya siku ambayo lifti itahitaji mota mpya. Nayaweka yote kuwa mafungu 70, na hapo nimejibana. Yanabaki 160. Benki inataka 190.

Pengo ni mafungu 30 kwa mwaka, mawili na nusu kwa mwezi. Mkigawana watatu, kila mmoja wenu atatoa mfukoni karibu kodi ya fleti nzima, kila mwezi, ili jengo lisimame. Mtakuwa mmejenga fleti 24 halafu mkawa wapangaji wa jengo lenu wenyewe bila hata kulala humo.

Huo ni mwaka wa kawaida. Mwaka wa kwanza ni mwingine kabisa. Tuseme mnapata wapangaji wawili kila mwezi, ambao si haba. Mwezi wa kwanza fleti mbili, wa pili nne, mpaka wa kumi na mbili ndipo zinajaa. Jumlisha: mafungu 156. Na gharama hazisubiri, mlinzi wa geti analipwa yale yale kwa wapangaji watatu au ishirini na wanne, lifti inapanda ikiwa na mtu mmoja. Toa 70, yanabaki 86. Benki inadai 190 yake. Hayo mafungu 104 yatatoka wapi? Kama jibu ni "tutaona", basi mmekalia kuti kavu.

Wakopeshaji wengi makini hutaka pato halisi la jengo lizidi marejesho angalau kwa asilimia 20. Igeuze hesabu hiyo: pato lenu la 160 linabeba marejesho ya mafungu 133 hivi, ambayo ni kama asilimia 70 ya mkopo anaoutaka kaka, kwa masharti yale yale. Iliyobaki iwe pesa yenu taslimu, au jengo lipungue. Wala usifarijike kwamba benki imekubali. Benki imekubali kiwanja. Mkishindwa kulipa itauza kiwanja, na itakuwa salama salimini.

Halafu kuna kitu ambacho hesabu haikionyeshi, nacho ni muda. Uamuzi mnaufanya msimu huu, funguo mtagawa msimu mwingine ambao hamuujui. Empire State Building la New York lilitangazwa Agosti 1929. Oktoba soko la hisa likaporomoka. Walijenga kwa kasi ya ajabu, kazi ikaanza Machi 1930 na jengo likafunguliwa Mei 1, 1931, na pamoja na kasi yote hiyo lilikaa miaka na miaka ofisi zake nyingi zikiwa hazina mtu, mpaka wenyeji wakawa wanalitania kwamba ni jengo tupu. Wenyewe walikuwa na mifuko mirefu ya kusubiri. Ninyi mkichelewa miezi sita tu, mafungu 144 ya kodi hayaji, riba inaendelea kuhesabiwa juu ya fedha mliyokwisha kuchukua, na mkandarasi anataka kuongezewa. Sijaona jengo la ghorofa sita ambalo halikuchelewa. Labda lipo.

Bwawa la juu ya paa litanichukua mistari michache kwa sababu limenikera. Mita moja ya ujazo wa maji ni tani moja. Bwawa la mita 10 kwa 4, kina mita 1.2, ni tani 48 za maji peke yake, kabla ya zege la kulishikilia. Uzito huo unashuka kwenye kila nguzo mpaka kwenye msingi, kwa hiyo nondo zinaongezeka ghorofa zote sita ili watu wanne waogelee Jumamosi. Na siku litakapovuja, litamvujia mpangaji anayelipa kodi kubwa kuliko wote. Lifuteni. Wekeni bustani nyepesi na viti.

Pia hamjanitajia upimaji wa udongo, na nadhani haujafanyika, kwa maana kila mtu huanza na picha. Mwambieni mhandisi achimbe mashimo ya kupima kabla hamjasaini chochote. Kule San Francisco, Millennium Tower, jengo la makazi ya kifahari la ghorofa 58, lilifunguliwa mwaka 2009. Kufikia 2016 ikajulikana hadharani kwamba limezama kama sentimita 40 na kuinama. Nguzo zake za msingi ziliishia kwenye mchanga bila kufika kwenye mwamba. Fleti zilikuwa zimeshauzwa kwa mamilioni ya dola kila moja. Lenu ni dogo mno ukililinganisha na lile, lakini gharama ya kupima udongo ni chembe mbele ya gharama ya jengo, na mara nyingine jibu lake ndilo linalomaliza ubishi wa familia kabla haujaanza.

Fedha ya mbunifu imeshakwenda. Najua itasemwa kwenye kikao: "tumeshalipia michoro, tutarudije nyuma?" Maji yaliyomwagika hayazoleki, na hayo mliyomwaga ni kikombe. Msimwage pipa kwa kuhurumia kikombe.

Uliniuliza tujenge au tusijenge, nami sipendi washauri wanaojibu kwa "inategemea". Jengo la kaka, jinsi lilivyo kwenye picha na kwa mkopo ule, hapana. Dada naye asikimbilie kuuza, kwa kuwa kiwanja kizuri kisicho na deni hakiwadai chakula. Katikati yao kuna njia. Mwambieni mbunifu achore fleti kumi au kumi na mbili, ghorofa tatu au nne, lifti moja nzuri, pampu mbili, kuta nene, bila bwawa, na ukumbi wa kawaida. Mwambieni apime ni asilimia ngapi ya eneo lote ni korido, ngazi na ukumbi. Ikizidi 20, mnajenga sehemu nyingi zisizolipa kodi, arudi mezani. Kisha mkadiriaji asiye rafiki wa mkandarasi aweke gharama, aongeze asilimia 10 ya dharura, na mrudie hesabu yangu ya mafungu kwa namba zenu halisi, asilimia 20 tupu na mwaka wa kwanza wa kujaza polepole. Zikisimama, jengeni. Zisiposimama, msizisukume.

Mtaambiwa pia muingie ubia, ninyi mtoe kiwanja na mwenzenu atoe fedha, mgawane fleti. Inawezekana, nimeona ikifanya kazi. Kosa ni kuhamisha hati siku ya kwanza kwa ahadi ya fleti zitakazokuwepo siku ya elfu moja. Mwanasheria wenu, si wao, aandike hati inahama lini na kwa hatua ipi ya ujenzi.

Nimefika kwa mama. Hati imeandikwa jina la nani? Kama bado ni la marehemu baba, mirathi haijakamilika na mazungumzo yote ya benki ni hewa. Kama mama ana haki humo, saini yake haiwezi kuwa jambo la kumletea jikoni akiwa anapika. Miaka miwili ya ujenzi atalala kwa nani? Atarudi ghorofa ya ngapi? Na mafungu 30 yakikosekana miaka mitatu mfululizo, benki itakuja kuuza mahali anapolala yeye. Wewe na kaka mna kwenu. Kaa naye mchana mmoja bila kaka na bila picha za mbunifu, umuulize anataka nini, halafu unyamaze. Jibu lake lipeleke kikaoni kabla ya karatasi zangu.

SWALI

Jengo letu la fleti 18 lina mwaka mmoja. Sita ziko tupu mwezi wa tatu sasa. Mume wangu anataka tupunguze kodi kwa asilimia 15 ili zijae. Mimi naogopa wale 12 waliomo watasikia. Tufanyeje, mama?

JIBU

Watasikia. Wanapanda lifti moja.

Kwa hiyo hesabu kana kwamba mnawapunguzia wote. Sasa mnapata mafungu 12 kwa mwezi. Zikijaa zote kwa bei mpya mnapata 15.3, na mume wako ana haki ya kutabasamu. Zikijaa mbili tu, mna wapangaji 14 na mnapata 11.9, chini ya mlichonacho leo, na kazi imeongezeka. Mnahitaji angalau tatu zijae ndipo punguzo lilipe.

Kuna njia ninayoipenda zaidi. Acheni kodi ilivyo, mpangaji mpya anayesaini mwaka mzima mpeni mwezi mmoja bure. Fleti sita ni mafungu sita kwa mwaka. Zikijaa mnabaki na 210 kwa mwaka, mkipunguza kwa asilimia 15 na zikajaa mnabaki na 184 hivi. Tena mwakani mkitaka mkopo au mnunuzi, mtu atasoma kodi iliyoandikwa kwenye mikataba, na huko iko pale pale.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kitu hukuniandikia. Hizo sita ziko upande gani wa jengo? Ziingie moja moja saa moja jioni, umeme ukiwa umekatika, ufungue dirisha la chumba cha kulala usimame hapo dakika tano. Kama zote sita zinatazama jenereta, kodi haina kosa. Hamisheni bomba la moshi.